Aliyekula Sahani Yangu

Wallahi haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki ya rafiki. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi.

Nilikuwa askari. Kikosi chetu kilipiga kambi ndani ya Somalia, mahali pa mchanga na miiba, na huko nilimkumbuka mama yangu mchana na usiku. Mtu mzima na bunduki yake amlilie mama? Ndiyo, nilimlilia. Nyumbani kwetu Magogoni mama alikuwa na desturi yake. Kila adhuhuri alinipakulia chakula kana kwamba nipo, akakifunika kwa kawa, na alasiri akakitoa sadaka. Alisema msafiri asiyepakuliwa husahau njia ya kwao. Kila nilipopata mtandao nilimpigia simu nikamuuliza, "Leo umenipakulia nini?"

Asubuhi moja tukavamiwa. Gari lililojaa baruti liligonga lango, na walinzi wa pale hatukuokota hata vipande. Kisha wavamizi wenyewe wakaingia wakimimina risasi. Charo, kijana wa Changamwe niliyelala naye hema moja, alipasuliwa tumbo. Alikuwa ameyashika matumbo yake kwa mikono miwili, akaniomba nimkaze mshipi, na akafa kabla sijaushika. Mmoja wao akanirukia, kisu chake kikanichana kutoka sikioni hadi kidevuni. Nikampiga usoni kwa kitako cha bunduki. Alipokufa niliendelea kumpiga, mkono ulikataa kuacha.

Jua lilipofika utosini nilikuwa nimelala baina ya maiti, risasi zinapita juu yangu, damu yangu inaniingia kinywani. Nikasema kwa sauti, "Laiti ningekuwa kwa mama sasa hivi, nimekaa mkekani, nakula."

Sasa nisikilize vizuri. Adhuhuri ile ile, kule Magogoni, mama aliinua macho akaniona nimesimama mlangoni.

Kwetu mtu hupiga hodi kwanza, ndipo akakaribishwa. Hata mtoto wa nyumba hupiga hodi. Na jua likiwa kali namna ile, asiyepiga hodi haitikiwi, maana si kila kinachosimama mlangoni ni binadamu. Mama hakuhitaji kufunzwa hilo, yeye ndiye aliyenifunza mimi. Lakini hamu ilimzidi. Yule alisimama kimya tu, naye mama akamwambia, "Karibu mwanangu, chakula chako hiki hapa." Tangu hapo akawa anakuja kila siku.

Mimi nitajuaje? Nilikuwa hospitalini nashonwa uso. Simu yangu iliteketea pamoja na hema, nikaona afadhali nimtokee mama ghafla kuliko kumsimulia kovu kwa simu ya kuazima. Nilipopewa ruhusa nikarudi, nikafika nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Jirani yetu Bi Mwanaisha alikuwa barazani kwake anapepeta mchele. Aliponiona uso, ungo ulimtoka mikononi.

"Nani kakukata hivyo, mwanangu? Na si nimekuacha ndani sasa hivi?"

Nikapiga hodi. Mama hakunikaribisha, aliuliza, "Nani?" Nikaingia. Mkekani alikaa mtu mwenye uso wangu, mzima, hauna hata mkwaruzo. Amevaa kikoi changu, anakula taratibu, na mama anampepea.

Niamini, sikuogopa. Nilighadhibika. Nikanyakua mchi wa kinu nikampiga nao kichwani kwa nguvu zangu zote. Nikasikia fuvu likivunjika, na sauti hiyo naijua, lakini damu haikutoka. Nikampiga tena mdomoni, nikampiga begani. Hakuinua mkono, alimtazama mama tu. Mama akanirukia, akaniuma mkono mpaka nikauachia mchi.

"Toka, mwanangu," alisema. "Huyu atakuua."

Hakuwa akinambia mimi.

Yule akasimama. "Labeka, mama," akajibu kwa sauti yangu, ile ya kabla ya vita, kisha akatokea mlango wa uani. Nilimfuata mbio, nikakuta ua mtupu. Niliporudi ndani, sahani ilikuwa imejaa, wali haukupungua hata punje.

Jeshi nimeliacha. Mashekhe wamesoma, nyumba imefukizwa, na mama amekubali kwa mdomo kwamba mimi ndimi niliyetoka tumboni mwake. Lakini nikiangusha kikombe hushtuka, na nikipiga kelele usingizini hutia komeo mlango wake. Siku moja nilimfokea kwa sababu ya chumvi. Akanitazama, akasema polepole, "Mwenzio hakuwahi kunifokea." Hadi leo hupakua sahani mbili. Moja hunipa mimi, ya pili huifunika kwa kawa.

Basi wewe uliye na mtu wako mbali, mpakulie na umwombee dua. Lakini asiyepiga hodi usimkaribishe, hata akija na uso ule ule unaoulilia. Mimi hukaa mlangoni kila adhuhuri, mchi nimeuweka magotini. Nyuma yangu mama huinua mikono akamwomba Mungu amrudishie mwanawe salama kutoka vitani, nami huitikia amina.