Jamvi Nimelikunja, Idi Inakuja

Wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mjane wa miaka sitini na nane, naishi Pande huku Kilwa. Naandika kwa kidole kimoja na nina swaumu, kwa hiyo mkiona ukali mnivumilie.

Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwanangu mkubwa ni jirani yangu, nyumba zetu zinatazamana. Mwaka huu mkewe yuko kwao Lindi, amekwenda kujifungua, mtoto wao wa kwanza.

Huku kwetu mwezi wa Ramadhani wanaume wanafuturu pamoja barazani, kwenye jamvi moja refu, kila nyumba inapeleka chakula. Ni jambo la heri, sina ugomvi nalo. Wanawake wanafuturu ndani na watoto wao. Sasa mjane ambaye watoto wameshakua? Huyo anapika, anatoa, anabaki na sufuria.

Na mimi napika, jamani. Mihogo yangu naiunga kwa tui la nazi na korosho za kutwanga, ukipita njiani lazima upunguze mwendo. Kila siku adhana ikikaribia, mwanangu anafika mlangoni: "Mama, bakuli tayari?" Namkabidhi. Hajawahi kuniuliza mimi nafuturu na nani. Nakaa uani kwenye kigoda na tende zangu, uji na kile kilichogandia chini ya sufuria, nasikia wanavyocheka kule barazani. Marehemu alikuwa akila kule harakaharaka, kisha anarudi kunywa uji wa pili na mimi. Kwa hiyo miaka yote ile sikujua upweke wa kula peke yangu. Nimeujua alipoondoka.

Kumi la kwanza lilipokwisha, mwanangu akarudisha bakuli likiwa tupu kabisa. "Mama, wazee wamekusifu sana. Wanasema kesho uongeze pilipili kidogo."

Nikamwambia, "Waambie na wao waniongezee mtu wa kula naye." Akacheka, akadhani namtania.

Kesho yake nikajifunga kanga, nikaenda barazani kabla ya adhana. Nikawasalimu, nikasema, "Wazee wangu, naomba msimame kidogo." Wakasimama vizuri kabisa, wakijua nimewaletea neema. Nikalikunja jamvi, nikalitia begani, nikaenda zangu. Jamvi lile nililisuka mimi, kiangazi kizima, nikishona ukili kwa ukili mpaka miyaa ikanichana vidole.

Nikalitandika mbele ya mlango wangu. Nikamwita Bi Zuhura (si jina lake), jirani yangu ambaye macho yamepungua nuru, anafuturu na redio. Nikamwita na Mama Agatha, mjane wa Kimakonde anayeuza karanga. Yeye ni Mkristo, hafungi, lakini upweke hauulizi dini. Tukala sinia moja. Bi Zuhura akasema, "Mwenzangu, leo natafuna na kusikia mtu mwingine anatafuna." Tukacheka mpaka machozi, na nusu ya machozi yangu hayakuwa ya kicheko.

Asubuhi mwanangu akaja amenuna. "Mama, umenitia aibu. Wazee wamekula wamekalia magunia. Lile jamvi baba alilitoa sadaka."

"Baba yako angetoa sadaka kanzu yake. Jamvi lilikuwa langu."

"Watu wanasema una kiburi. Mjane mzima unajianika njiani, tena na mtu wa kanisani."

"Hao watu waje kuniambia mimi. Mlango uko wazi, wameuona."

Kisha akasema, "Kama halitarudi barazani kabla ya Idi, usinitegemee. Pilau lako sitakula. Na mtoto akizaliwa, sitamleta hapa."

Hapo alinipata. Alipoondoka nililia, sitawadanganya. Ni kweli baba yake alilipeleka lile jamvi mbele ya macho yangu na mimi nikanyamaza. Nilinyamazia mengi. Nikaenda kumuuliza shehe wetu, akasema mali ya mtu haitolewi sadaka na mtu mwingine. Kisha akaongeza, "Lakini bi mkubwa, tafuta suluhu na mwanao."

Suluhu gani? Mkeka wa plastiki dukani upo, na wao wana uwezo wa kuununua. Hawana shida ya jamvi hao. Wanataka nirudi uani.

Sasa hivi tumefika wanawake saba. Mwanangu anafuturu barazani chakula cha nyumba za wenzake. Jana alipita karibu yetu, akasema, "Shikamooni," tukamwitikia sote marahaba. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye lile bakuli alilozoea kulibeba. Pilipili nimeongeza kama walivyotaka. Nilimwambia, "Karibu mwanangu, nafasi ipo." Akasita, nikaona mate yanamshuka, akaenda zake.

Idi imebaki siku nne na mkwe wangu ameanza uchungu leo. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nilirudishe jamvi ili mjukuu wangu nimpakate, au nikae nalo? Wa kuniambia nisuke jingine, vidole vyangu vimekakamaa, haviwezi tena. Na wewe uliyekwisha kuandaa maneno yako, kwamba mama ni mtu wa kumeza na kusamehe, ngoja kwanza. Mpigie mama yako simu, umuulize jana alikula na nani. Akishakujibu, ndipo uje unishauri.