Siku Niliyompokea Bibi Mzigo Italia

Chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka ile aibu najifunika shuka gubigubi. Miaka ya tisini mwishoni kwaya yetu ya hapa Durban ilialikwa Italia, kijijini kwao Padri wetu, tukaimbe misa ya jioni, na jamani, kile kijiji! Kipo juu kabisa ya kilima, nyumba za mawe za tangu enzi na enzi zimebanana, maua kila dirisha, ukuta mnene umezunguka kote (mimi niliyezoea maghorofa ya mtaani kwetu Albert Park na lifti zake mbovu nikabaki mdomo wazi).

Kiongozi wetu wa kwaya, Papa Dieudonné, Mkongo, alishatuonya kuhusu aibu tangu uwanja wa ndege: "Mutu asituletee haya kwa kijiji ya Padri!" Basi naduwaa pale langoni, nikamwona bibi kizee anapanda ngazi na kikapu kizito, anahema, na mimi mtoto wa Kitanzania nimefundwa, mkubwa habebi mzigo wewe ukiwa mikono mitupu, nikamwamkia "Shikamoo bibi" (ajibu nini, maskini?), nikampokea kikapu, nikatangulia mbio.

Eish! Bibi alipiga yowe, madirisha yote yakafunguka, wanaume wakatoka mezani wanatafuna bado, mmoja akanikwida shati, viazi vikabingirika mpaka bondeni.

"Festo!" Papa Dieudonné akafika anatweta. "Weye unataka batufukuze mbele ya kuimba?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona kabisa misa inafutwa, kwaya nzima inarudishwa Durban kwa sababu yangu, na Padri hana pa kuficha uso kwao.

Padri akaja, nikamweleza, akawatafsiria. Bibi akanitazama, akasema neno, Padri naye akanigeukia.

"Anasema tangu wanawe wahamie mjini hakuna aliyempokea mzigo."

Bibi akanikabidhi kikapu mwenyewe. Misa tuliimba, na yeye alikaa mbele kabisa, analia.

Kesho yake natoka asubuhi nikaushangae tena ule uzuri, nakuta chini ya ngazi mabibi wa kijiji kizima wamejipanga na vikapu, kuni, mmoja na kiti, wananisubiri mimi. Kijiji chote nimekiona, kichochoro kwa kichochoro, kizuri ajabu, nikiwa na mzigo begani. Siku hizi kabla sijampokea mtu nauliza kwanza: naruhusiwa, na wenzako wako wangapi?