Kichwa Kisicho na Siagi

Katika shamba la akina Galgalo, huko Guji, kusini mwa Ethiopia, hakuna kichwa kikavu kama cha mgeuza kahawa. Wanawake wenzake hupaka nywele siagi; yeye msimu mzima haigusi, maana kahawa ikianikwa na tunda lake zima hunyonya kila harufu. "Mwenzetu, hizo nywele au kiota?" humtania Dureti, mke wa mwenye shamba. Yeye hucheka tu, vidole vyekundu kwa maji ya matunda vikipita juu ya vichanja, vikigeuza, akinusa, vikigeuza tena.

Siku ya harusi ya bintiye alijipaka siagi mpaka ikatiririka. Mara wingu likatanda. Akatoka mbio kuelekea kwenye vichanja, akasimama ghafla kwenye lango la uwanja wa kuanikia: kwa kichwa kile, hapiti.

"We bwana harusi! Weka chini hiyo fimbo ya harusi, njoo ufunike kahawa!"

"Mama, leo?"

"Kwani mvua imekuuliza ni leo?"

Bwana harusi na wenzake wakahangaika na maturubai, naye kule langoni, siagi ikimchuruzika shingoni, mikono yake ikigeuza hewa. Tone la kwanza lilipogonga turubai, akashusha pumzi.

"Haya, mwanangu. Sasa unaweza kuoa."