Maneno Aliyoyachoma Jikoni

Mume wangu alikuwa fundi wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, na akiba yake yote aliiweka kwenye sarafu za mtandaoni. Mwenzake mmoja aliingiliwa simu, zake zikahamishwa zote. Ndipo mume wangu akaagiza kutoka Dar kifaa kidogo mfano wa flashi, cha kutunzia sarafu nje ya mtandao. Alikuwa mgeni wa mambo hayo, akajifunza polepole kwamba kifaa kina namba ya siri, na pia kina maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Kifaa kikiharibika, mwenye maneno anarudishiwa kila kitu. Asiye nayo hana chake.

Waliomuuzia walimwelekeza ayaandike na kuyaficha. Hakuwa na mahali anapopaamini. Aliyakariri kama mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza, kisha akaichoma karatasi kwenye jiko la mkaa, nami nikisonga ugali hapo hapo. Sikuambiwa hata neno moja.

Kiharusi kilimpata asubuhi akivaa viatu. Kililegeza upande wa kulia, kikamfunga ulimi. Hospitali ilipomruhusu tulimpeleka Liuli kwa mama yake. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa mwenye mitumbwi, alitupokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alileta godoro jipya. Kila alasiri alileta samaki, mbasa, akamtolea miiba mwenyewe. Baadaye, nilipomweleza habari ya yale maneno, akaja na kamusi, akaanza kumsomea Kiingereza neno moja moja kuanzia A, akimchungulia machoni aone kama litamgusa. Mume wangu alitokwa machozi. Shemeji alimfuta kwa kiganja, akaendelea kusoma.

Kamusi ilipomshinda, alichukua kifaa akasema atabahatisha namba ya siri. Nilimwambia kikikosewa mara tatu kinajifuta. Akanijibu kwamba wanawake tunaogopa kila kitu. Alijaribu mwaka wa kuzaliwa, akajaribu mwaka wa ndoa yetu, kisha mwaka aliofariki baba yao. Kioo kikamkaribisha kama mteja mpya.

Jioni ile alifuata godoro. Mama mkwe alimshika mgonjwa miguu, mimi mabega, tukamlaza kwenye mkeka.

"Godoro ni la watoto," shemeji alisema, bila kupandisha sauti. Samaki nao wakaishia hapo.

Niliendelea kumgeuza na kumwosha, nikamfundisha upya kusema maji, kusema uji. Kiangazi kilipoingia aliweza kutoa sentensi nzima, taratibu, mate yakimtoka. Siku moja mama mkwe alikuwa ziwani anafua. Nikamuuliza mume wangu kama bado anayakumbuka yale maneno.

"Yote," alisema.

Nikamwomba anitajie. Nilimweleza kwamba tungenunua kifaa kingine, tukazirudisha sarafu zake, akapelekwa kwa watu wa mazoezi ya viungo.

Alijibu: "Nikikutajia, kesho utaondoka."

Mikono yangu ilikuwa bado inanukia sabuni niliyomwogeshea. Sikumbembeleza. Kahawa ya shamba letu ilikuwa inaiva kule Mbinga na hapakuwa na wa kuichuma. Nilifunga nguo zangu, nikamsubiri mama mkwe arudi, nikamuaga, nikapanda gari la kwenda huko juu. Mume wangu alinifuata kwa macho kutoka pale mkekani mpaka nikatoka mlangoni, na hakutaja hata neno moja.