Pampu Niliyoifungua kwa Kalamu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, wanawake wa kijiji kimoja cha ufukweni, upande wa Magu, walinipigia vigelegele kabla sijafanya lolote. Mpaka leo nikivikumbuka vigelegele vile naona aibu.

Nitakueleza kwa nini, na unisamehe nikipandisha sauti. Wiki iliyopita mjukuu wa dada yangu amerudi kutoka fildi, yale mazoezi ya kazi wanayotumwa na chuo. Yuko mwaka wa tatu wa uhandisi. Nikamwuliza, "Umeshika nini huko?" Akacheka, akasema, "Bibi, tulikuwa tunapanga mafaili." Halafu akanionyesha ripoti yake, na humo imeandikwa kwamba amefunga mitambo na kuipima. Na mhuri imepigwa. Nikaweka kikombe chini. Miaka yote hii imepita na bado tunawafanyia watoto upuuzi uleule!

Mimi Kabula nilisoma chuo cha ufundi miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa kinabadilika. Mashirika ya umma yanauzwa, viwanda vya samaki vinaota ufukweni pale Mwanza, sangara wetu anapanda ndege kwenda Ulaya. Tuliambiwa nchi inahitaji mafundi. Karakana ya chuo ilikuwa na mashine tatu za kukerezea vyuma, mpya kabisa, zimefunikwa turubai. Mwalimu wa karakana alitembea na funguo kiunoni. Tukimwomba atufungulie, jibu lake lilikuwa moja: "Mkiharibu, nani atatuletea nyingine?" Turubai lilitolewa siku za wageni, wakapigwa picha nazo, likarudishwa. Sisi tulizichora ubaoni. Niliweza kuchora mashine ile nimefumba macho, nikapata alama za juu darasani, na sijawahi kusikia mlio wake hata siku moja.

Fildi nilipelekwa kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Msimamizi wangu alinitazama mikono akasema, "Binti kama wewe utachafuka bure. Kaa ofisini." Nikakaa ofisini. Wiki nane, mwanangu, nilichemsha chai na kuandika majina ya mitumbwi iliyoleta samaki. Wenzangu wa kiume angalau walishikishwa tochi wawamulikie mafundi.

Ila nitakuwa mwongo nikimtupia msimamizi lawama zote. Pale kiwandani alikuwepo Mzee Magesa, Mjita, fundi wa pampu na mitambo ya barafu, mtu aliyefanya kazi kwenye kinu cha pamba mpaka kinu kikauzwa. Mara mbili alisimama mlangoni pa ofisi akaniambia, "Kabula, njoo huku chini, nina spana ya pili." Mara ya kwanza nilimwogopa msimamizi. Mara ya pili, nakwambia ukweli, niliiogopa grisi. Nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Siku ya mwisho nikalichukua daftari la mazoezi la mwenzangu mmoja nikanakili kila kitu kwenye langu. Nimefungua pampu ya maji. Nimebadilisha beringi. Nimekata gasketi ya mpira ya kuzuia uvujaji na kufunga upya. Msimamizi akatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja, akagonga mhuri.

Kwa karatasi zile nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa maji vijijini. Safari yangu ya kwanza ndiyo hiyo ya vigelegele. Pampu yao ilikuwa inalisha zahanati na bomba moja la kijiji, na ilikuwa inavuta maji kidogo na kukata. Wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo. Bibi mmoja alinishika mkono akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwanangu. Leo tumeletewa fundi wa kwetu, tena wa kike." Nesi wa zahanati, jina lake Leokadia, alinisogezea kigoda nikae nifanye kazi vizuri.

Nikafungua kifuniko cha pampu. Nikatazama ndani. Nilivijua vyote vilivyomo kwa majina, ila sikujua kipi kizima na kipi kibovu. Ningesema pale pale, "Jamani, sijui," wasingenila. Lakini watu wamenipigia vigelegele! Nikajifanya nafuta hapa, napuliza pale, nikarudisha kifuniko. Kilikuwa na bolti sita. Nikaikaza ya kwanza kwa nguvu zangu zote, ili nionekane ninazo, nikahamia ya pili iliyo jirani yake, nikakaza vilevile. Kwenye ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama wa kibuyu kupasuka. Chuma cha kumimina hakikunjiki, mwanangu. Kinapasuka tu. Ufa ulipita katikati ya kifuniko toka upande huu mpaka ule.

Maji yale kidogo waliyokuwa wakiyapata, nayo nikawa nimeyakata.

Hakuna aliyenitukana. Yule bibi aliuliza kwa upole, "Si walisema amesoma?" Hakumwuliza mtu hasa. Wakainua ndoo zao wakateremka ziwani, kwenye matete na kichocho. Nesi Leokadia alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akaniambia, "Dada, mimi nazalisha akina mama hapa. Nioshe mikono kwa maji gani?" Nikapanda gari.

Nilikwenda mtaa wa Mkuyuni, pale Mwanza, kumtafuta Mzee Magesa, maana nilisikia kiwanda kimempunguza naye amefungua kibanda chake cha ufundi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza yote, na daftari nikampa. Akavaa miwani. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Hapa unasema umebadilisha beringi za pampu kubwa."

"Ndiyo, mzee."

"Beringi zile nimezibadilisha mimi. Wewe ulikuwa unamwaga chai." Akaligonga daftari kwa kidole. "Nilikuita, Kabula. Nilikuita mara mbili!"

"Nisamehe, mzee."

"Usiniombe mimi msamaha. Mimi sinywi maji ya ile pampu." Akavua miwani, na sasa sauti ilipanda mpaka wapita njia wakageuka. "Na huyo aliyegonga mhuri? Na huyo mwalimu wenu anayezivisha mashine nguo kama maharusi? Mashine zimenunuliwa kwa jasho la wakulima wa pamba, halafu mtoto wa mkulima haruhusiwi kuzigusa! Wanaogopa asije akakiharibu chuma, hawaogopi yeye akiharibika?"

Alipotulia, akatupa mbele yangu kifuniko chakavu na bolti sita. "Funga." Nikafunga. "Fungua. Funga tena, na safari hii kwa msalaba. Kaza kidogo, hamia ya upande wa pili, kaza kidogo, rudi." Siku kumi nilikaa kwenye kibanda kile. Ngozi ya viganja ilitoka, ikaota nyingine. Nilikata gasketi nikazitupa nyingi, mpaka siku moja akaichukua moja, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka mfukoni mwake. Nikajua imekubalika.

Kwenye vyuma vyake chakavu tukapata kifuniko kinacholingana. Nikamwomba twende wote. Akakataa. "Uliivunja wewe, utaifunga wewe."

Niliporudi kijijini hapakuwa na vigelegele. Nesi Leokadia alisimama mbali, mikono kifuani, akaniambia kwamba siku zile amepokea watoto wanne wa kuharisha, na mmoja wamemkimbiza hospitali ya Bugando, bado yuko huko. Nikainama nikafanya kazi. Ubovu wenyewe, usishangae, ulikuwa gasketi ya bomba la kuvutia maji: imekauka, inapitisha hewa. Kitu cha kubadilisha kwa nusu saa, kama mtu amewahi kukigusa. Maji yalitoka kabla ya saa sita mchana. Wanawake wakakinga ndoo zao, wakaondoka. Hawakuwa na deni la kunishukuru. Yule mtoto alipona, na habari hiyo nilipoipata nilikaa chini nikalia.

Nilikwenda pia chuoni, kwa mwalimu wa karakana. Nikamsimulia, nikamwomba awafungulie karakana wanafunzi waliobaki. Akaniambia, "Wewe ulifaulu vizuri sana, unalalamika nini?" Miaka michache baadaye mashine zile ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hazikuwa zimekereza hata msumari. Nilipowaona wakizipakia kwenye lori, nilitaka kulala mbele ya magurudumu.

Sasa, mwanangu, wewe ambaye zamu yako ya fildi inakuja, sikia. Wakikupa ufagio kwenye karakana, fagia, halafu uliza mashine ile inaitwaje na kwa nini inapiga kelele. Wakikufungia mlango, gonga, mwandikie mkuu wa chuo, waite wenzako mgonge pamoja. Hiyo si jeuri, ni haki yako. Fundi yeyote akikuita uje uchafuke, nenda siku hiyohiyo. Na usiandike hata mstari mmoja wa kazi ambayo mikono yako haiijui. Usipojua, sema sijui. Aibu yake ni ya dakika chache, na hakuna mtoto anayeugua kwa ajili yake.

Nanyi mlioshika funguo na mihuri, mnanisikia: fungueni. Chuma kikivunjika karakanani kinayeyushwa, kinamiminwa upya.

Mungu akupe, mwanangu, mwalimu asiyekuonea choyo na kazi isiyokulazimisha kudanganya. Mikono yako iwe na sugu za halali, na kila nyumba utakayoingia na spana zako, uiache watu wake wakiwa na nafuu. Amina.