Chungu cha Bibi Chooni

Hoteli ile iko juu ya kilima, Kasanga, na upande wa mgahawa unaotazama ziwa ni kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini. Viti nilichonga mimi. Mpambaji wao, dada mmoja kutoka Dar, alikuwa akiliita ziwa bahari, na sikumsahihisha maana nilitaka anipe na kazi ya vitanda.

Siku moja akasema mgahawa unakosa uasilia, nimtafutie chungu kikubwa cha zamani. Nami na kiherehere changu nikapanda hadi Sumbawanga, Malangali, kwa shangazi yangu, nikaomba chungu cha marehemu bibi. Pombe ya ulezi ya ubatizo wangu ilipikiwa humo, ya harusi yangu humo humo, hata ya matanga ya bibi mwenyewe. Shangazi akakisugua kwa majivu, akakifunga kwa kanga yake. Akanikumbusha kwamba mwanaye wa mwisho anaoa baada ya mavuno, kwa hiyo wageni wakishakitazama nimrudishie. Nikaitikia, huku najua fika mpambaji hakusema lolote kuhusu kurudisha.

Siku ya ufunguzi nilikitafuta mlangoni, nikakitafuta kwenye rafu, sikukiona. Ukutani walikuwa wametundika nyungo na majembe, wamevipulizia rangi ya dhahabu, uchafu mtupu. Nikaenda kujisaidia. Huko, kwenye choo cha wanaume, ndiko nilikokikuta: kimetobolewa kitako, kimepitishwa bomba, ndiyo sinki. Bwana mmoja wa suti akakiinamia, akasukutua, akatema. Kipande cha samaki kikabaki kwenye ukingo, pale pale bibi alipokuwa akipangusia kidole baada ya kuonja. Nikatoka nje. Mpambaji akaja kuniambia kila mgeni anakisifia, na mimi, mshenzi mkubwa, nikasema ahsante, nikarudi mezani nikala pilau yao nikashiba.

Juzi nilipita Malangali. Shangazi alikuwa ameshaanika kimea cha harusi uani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama wale wageni wameshamaliza. Nikasema bado. Kwetu ukiazima chombo cha mtu hukirudishi kitupu, unatia hata unga kidogo, na yeye alidhani hilo ndilo linalotuchelewesha.

"Waambie wasihangaike kutafuta cha kutia," akasema. "Wakirudishe tu hata kitupu, mwanangu. Sitawasema."