Shangazi Akataa Kulinda Chai

Waliofanya naye kazi jikoni mwa shule walikuwa na usemi wao: ukitaka yule mama afanye jambo, mkataze. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza juu ya masufuria makubwa, akikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia na kugombana na kila aliyeleta kuni mbichi. Alipostaafu, ndugu wakamnunulia kiti cha kukalia uani. Kiti akakigawa, akajiunga na kikundi cha watazama ndege. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa binti wa kaka yake, kwa hiyo wote, hata wenye mvi zao, wakamwita Shangazi.

Kikundi kilikuwa na desturi moja nzuri. Mwenye mwendo wa pole kuliko wote ndiye hutangulia, na wengine hufuata nyuma yake kimya. Hapo haachwi mtu, wala ndege hawashtuliwi. Kiangazi kile, safari ya hifadhi ya mabwawa ilikuwa ya kwanza kwa Shangazi tangu aanguke na kuvunjika nyonga. Alishuka kwenye basi na mkongojo wake, darubini shingoni, akaenda moja kwa moja kusimama mbele.

"Shangazi, leo hapana," binti alisema. "Jua kali, na bwawa la mwisho ni mbali. Wewe kaa hapa kibandani utulindie chai."

"Chai ina miguu?"

"Shangazi, tafadhali. Na tukirudi nyumbani tuzungumze. Naona hii iwe safari yako ya mwisho."

Mwanakikundi mmoja, fundi simu asiyejua kunyamaza, akadakia, "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, Shangazi."

"Basi mtafute ng'ombe umwambie."

Walicheka, lakini waliondoka. Desturi yao wakaivunja mbele ya macho yake, wakapita njia ya mbao kwa hatua za watu wanaowahi benki. Shangazi alizitazama zile chupa za chai. Iliyomuuma haikuwa nyonga. Iliyomuuma ni ile "ya mwisho", iliyosemwa kwa upole kama anavyoambiwa mtoto kwamba pipi zimekwisha. Alishika mkongojo, akatia guu njiani.

Mbao zilikuwa zimechomwa na jua na zilitoa mlio kila alipokanyaga. Matete yalimpita kimo kila upande, hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Alikwenda, akapumzika, akatukana kidogo, akaenda tena. Mwenda pole hajikwai, alijiambia, na papo hapo akajikwaa. Alishika ukingo wa njia, akasubiri moyo utulie, kisha akaendelea. Hakuwa na mpango wa kuwapa ushindi kwa sababu ya ubao mmoja.

Alikuwa hajafika alipokutana na kikundi kikirudi, nyuso zimewashuka.

"Geuka tu, Shangazi," fundi simu alisema. "Tulifika kwa kishindo, korongo wakaruka wote. Kumebaki maji matupu."

"Nipisheni."

"Hakuna ndege kule!"

"Nimesikia. Nipisheni."

Wakajibana ukingoni mmoja mmoja, akapita katikati yao bila kumtazama yeyote.

Bwawani, kweli, hapakuwa na kitu. Maji yametulia, jua linapiga, hata bata mmoja wa kumfariji hakuna. Shangazi alikaa juu ya mbao, mguu ameunyoosha, jasho linamtiririka mgongoni. Alitaka kulia. Akaona bora akasirike, maana hasira aliizoea zaidi.

Binti akaja mbio, anahema.

"Umenitoa roho! Watu wote wako kwenye basi, wanakungoja wewe."

"Wangoje."

"Shangazi, ungeanguka humu majini ningewaambia nini nyumbani? Mimi ndiye niliyekukuta siku ile sakafuni. Naogopa! Huelewi kwamba naogopa?"

Shangazi alimtazama, na sauti yake ikapungua ukali, ingawa si sana. "Naelewa, mwanangu. Hata mimi naogopa. Lakini nilianguka jikoni, nikiwapikia nyinyi. Nimetoka hospitali na mkongojo, mkanirudisha jikoni kulekule, na jana mmekula nilichopika. Mbona jikoni hakuna aliyenikataza?"

Binti alitazama maji, akautazama ule mguu ulionyooshwa. Taratibu akavua viatu, akaketi kando yake.

Simu yake ikalia. Sauti ya dereva ilisikika hadi kwa Shangazi: watu wamechoka kungoja, je, alete basi karibu na lango amchukue mgonjwa?

"Mgonjwa gani?" binti alimjibu. "Zima injini."